Ganda la yai linalilia chokaa, wewe unaongeza vitamini

Dada mmoja mfugaji wa Mafinga ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Nina kuku wa mayai 300, wana miezi kumi na moja. Chakula nachanganya mwenyewe. Hadi mwezi wa tano nilikuwa naokota trei nane kwa siku, sasa tuko mwezi wa saba naokota sita, na maganda yamekuwa mepesi, mayai yanapasuka kabla hayajamfikia mteja. Dukani wakaniambia kuku wamepungukiwa vitamini. Nimeongeza premiksi (ule unga wa vitamini na madini wa kuchanganya kwenye chakula) mara mbili, na kila siku naweka vitamini ya unga kwenye maji, lakini sioni mabadiliko. Nina vifaranga 150 wa wiki tano wanahara damu, nimewapa dawa ya amproliamu pamoja na vitamini kwenye maji yale yale, hawaponi sawasawa. Wateja nao wameanza kusema mayai yangu yana kemikali kwa sababu kiini ni cheupe. Naomba unieleze, hizi vitamini zinafanya kazi kweli? Ni salama kwa kuku na kwa mlaji? Mama yangu Tukuyu ana ng'ombe wa maziwa wawili, naye anataka kuwapa. Mchanganyiko wangu kwa tani moja ni mahindi ya kuparaza kilo 400, pumba za mahindi 250, mashudu ya alizeti 200, dagaa 100, unga wa mifupa 12, chokaa 30, chumvi 3 na premiksi 5."

Marahaba, dada yangu. Nakushukuru kwa kuandika kilo za kila kitu, maana wafugaji wengi wananiambia tu "nawapa chakula cha kawaida", na hapo sina pa kuanzia. Kwako nimepata pa kuanzia, na jibu la ganda jepesi liko kwenye orodha yako mwenyewe. Liko kwenye chokaa.

Tupige hesabu pamoja. Kuku wa mayai anakula gramu 120 hivi kwa siku. Chokaa nzuri ya mifugo, zaidi ya theluthi yake ni kalsiamu. Kilo 30 ulizoweka zinakupa kalsiamu kilo 11 hivi, unga wa mifupa na dagaa wanaongeza kama kilo 6 au 7. Kwa tani nzima una kilo 18, yaani asilimia 1.8. Kuku anayetaga anahitaji asilimia 3.5 hadi 4. Umempa nusu. Sasa mtazame kuku mmoja: kwa siku anameza kalsiamu gramu 2 na kidogo, na katika hizo utumbo wake unafyonza kama nusu. Ganda la yai moja peke yake lina kalsiamu gramu 2. Hiyo iliyopungua anaitoa wapi? Anaitoa kwenye mifupa yake. Atafanya hivyo wiki kadhaa huku wewe ukiokota mayai, kisha ganda litakuwa jepesi, kisha atapunguza kutaga, na mwisho utamkuta amelala ubavu bandani, miguu haimbebi, macho yakiwa mazima kabisa. Nimewahi kumpasua kuku wa namna hiyo mbele ya mwenye banda. Mfupa wa paja ulikatika kwa vidole kama biskuti. Mwenye banda alikuwa ameshanunua vitamini za kila aina.

Kazi ya vitamini D ni kuufungulia mlango utumbo ili kalsiamu ipite. Kama nje ya mlango hakuna kalsiamu, mlango ukiwa wazi kiasi gani hautasaidia. Kwa hiyo vitamini zako hazikushindwa kazi, zilipewa kazi isiyo yao.

Kwenye mchanganyiko ujao, chokaa ifike kilo 80 na pumba zishuke hadi 200. Ukiweza, nusu ya chokaa iwe ya chengachenga badala ya unga laini, kwa sababu chenga zinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ambapo ganda linatengenezwa na kuku hali chochote. Na hapa naomba unisikilize vizuri: iwe chokaa ya mifugo, ile ya mawe yaliyosagwa tu. Chokaa ya kupakia ukuta imechomwa, inaunguza midomo na matumbo. Nimeona magunia ya aina zote mbili yakiuzwa duka moja, yamepangwa ubavu kwa ubavu.

Sasa premiksi. Uliongeza kutoka kilo 2.5 hadi 5. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika kitabu chake cha mahitaji ya kuku cha mwaka 1994, linasema kuku wa mayai anahitaji yuniti 3,000 za vitamini A na yuniti 300 za vitamini D3 katika kila kilo ya chakula. Hicho ni kiwango cha chini cha kumfanya asiugue. Watengenezaji wa premiksi wanaweka zaidi ya hapo makusudi, kwa sababu wanajua nyingine itapotea njiani na stoo. Si ajabu kukuta premiksi ambayo, ukifuata lebo, inakupa yuniti 8,000 hadi 10,000 za A na 2,000 au zaidi za D3 kwa kilo ya chakula. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kuku wa mayai: A isizidi yuniti 10,000, D3 isizidi 3,200. Sasa soma lebo yako, zidisha mara mbili, kisha ongeza ile ya kwenye maji. Kuna uwezekano mkubwa umeshavuka kikomo hicho.

Je, kuku watakufa? Kwa kiasi hicho, hapana, si leo wala kesho. Lakini usifikiri ni hasara ya pesa tu. Vitamini A, D, E na K zinayeyuka kwenye mafuta, na zinapita mlango mmoja kuingia mwilini. A ikizidi sana inazibana D na E zisipite vizuri. Umeona ilipokufikisha? Ganda jepesi lilikufanya uongeze premiksi, na A iliyozidi inaweza kumnyima kuku hiyo hiyo D anayoihitaji kwa ganda. D nayo ikizidi kwa muda mrefu inaacha chokaa kwenye figo. Tena premiksi nyingi zina madini ndani yake, na mojawapo ni seleniamu, ambayo kuku anahitaji chembe ndogo sana na ikizidi ni sumu. Zile za kundi B na vitamini C ndizo zisizo na hatari kubwa, kwa kuwa zinayeyuka kwenye maji na ziada yake inatoka na kinyesi. Rudi kwenye kilo 2.5, au kiasi chochote ambacho lebo yako inasema, maana premiksi hazilingani: nyingine ni kilo moja kwa tani, nyingine ni tano.

Umeuliza kama zinafanya kazi kweli. Zinafanya, na kuku ndio waliomwonyesha binadamu jambo hilo. Miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa na kuku kwenye maabara kisiwani Java. Walilishwa wali mweupe uliobaki hospitalini, wakapooza miguu na shingo. Mpishi mpya alipokataa kutoa wali wa wanajeshi kwa ajili ya kuku, wakalishwa mchele usiokobolewa vizuri, na wakapona. Kilichokuwa kimetupwa na pumba ndicho tunachokiita leo vitamini B1, na Eijkman akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Nikipita kwenye mashine za kukoboa mpunga Mbarali na Kyela huwa naikumbuka habari hii: tunabaki na wali mweupe, kilicho bora kinakwenda kwenye gunia la pumba.

Mimi mwenyewe niliamini kwa macho yangu nilipokuwa kijana kazini. Nyumba moja ya Iyunga waliishiwa chakula cha kuanzia, wakaona wavumilie wiki mbili kwa mahindi ya kuparaza na pumba tu. Nilipofika, nilimweka kifaranga mmoja kiganjani: vidole vya miguu yote miwili vilikuwa vimekunjwa kwa ndani kama ngumi ya mtoto mchanga. Nikimweka chini anatembea kwa magoti, mabawa yakimsaidia. Macho maangavu, hamu ya kula ipo. Huo ni upungufu wa B2. Tuliwapa vitamini za kundi B kwenye maji na kurudisha chakula kamili, na baada ya siku chache wale walioanza kukunja juzi na jana walisimama. Wale waliokaa hivyo zaidi ya wiki hawakusimama tena, kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa imeshaharibika. Palipokuwa na pengo na mishipa ilikuwa bado hai, vitamini ilifanya kazi ya kushangaza. Bandani kwako sioni pengo la namna hiyo.

Lakini pengo la vitamini A ungekuwa nalo kama usingeweka premiksi kabisa, na watu wa nyanda zetu hawalifikirii sana. Mahindi yetu ni meupe. Mahindi ya njano yana karotini ambayo kuku anaigeuza kuwa vitamini A, meupe hayana. Kuku wa kienyeji anayezurura anajifidia kwa majani na wadudu, na jua linampa D. Kuku wako 300 wamefungiwa, na baridi hii ya Julai najua umeshusha mapazia ya salfeti hadi chini. Hawaoni jani wala jua. Kwa hiyo usije ukaisoma barua hii ukaenda kuitupa premiksi. Kuku wa ndani anayekula mahindi meupe bila premiksi atavimba macho, atatoa vipele vyeupe kooni na mafua hayatamwacha.

Hapo ndipo nikujibu habari ya wateja na kiini cheupe. Vitamini A yenyewe haina rangi ya kukipaka kiini. Unjano unatoka kwenye rangi za majani mabichi na mahindi ya njano. Yai la kiini cheupe kutoka kwa kuku aliyepata premiksi sawasawa linaweza kuwa na vitamini A ya kutosha kabisa, na la kiini cha njano si lazima liwe bora kwa hilo. Lakini mteja ananunua kwa macho, na huwezi kumhutubia kila mmoja mlangoni. Wape kuku majani: mchicha, chainizi, majani ya kabichi yanayotupwa sokoni, lusina kama unayo. Yafungie juu kwa kamba wadonoe, nayo yatawapunguzia kudonoana. Baada ya wiki mbili hivi utaona kiini kimebadilika.

Na kuhusu kemikali: ndiyo, vitamini nyingi za kwenye premiksi zimetengenezwa kiwandani. Mwili wa kuku hautofautishi B2 ya kiwandani na ya kwenye jani, ni kitu kile kile. Vitamini E ya kiwandani ina nguvu pungufu kidogo kuliko ya asili, na watengenezaji wanalijua hilo katika vipimo vyao. Mlaji wa yai la kuku aliyelishwa premiksi kwa kipimo hana sababu ya kuogopa. Mahali pa kuwa makini ni kwenye ini, kwa kuwa mnyama anatunza A humo, na hiyo ni sababu mojawapo ya Ulaya kuweka kikomo nilichokutajia. Hata ukimfikiria mlaji peke yake, kuzidisha mara mbili si jambo la kuendelea nalo.

Kinachonitia hofu mimi kwa mlaji ni kile kipakti cha vitamini ya maji. Nenda kakichukue sasa hivi, usome maandishi madogo ya nyuma. Paketi nyingi zinazouzwa kwa jina la vitamini, au kwa picha ya trei iliyojaa mayai, zina oksitetrasaiklini ndani yake au antibayotiki nyingine. Ukiona neno lolote linaloishia na "saiklini" au "maisini", hiyo si vitamini ya kila siku. Ni dawa, na ina siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa. Kumpa kuku mzima dawa kila siku ni kuwazoesha vijidudu hiyo dawa, na siku ugonjwa wenyewe ukija, kwa kuku au kwa mtoto anayekula mayai hayo, dawa haitaushinda. Wateja wako wanaosema "kemikali" wanaweza kuwa wamekosea kuhusu kiini na wakawa wamepatia kuhusu kipakti. Kama una antibayotiki humo, acha leo, na mayai ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo usiyauze wala usiyale nyumbani. Najua ni hasara. Nisingekuomba kama lisingekuwa jambo zito.

Hata kama ni vitamini tupu, ya maji haikusaidii kila siku. Ikishachanganywa inapoteza nguvu ndani ya saa chache, inaacha utelezi kwenye vinyweshea ambao vijidudu wanaupenda, na kwenye baridi kuku wanakunywa kidogo kwa hiyo hujui wamepata kiasi gani. Itunze kwa siku tatu hadi tano za shida: baada ya chanjo, baada ya safari, baada ya ugonjwa.

Tuje kwa vifaranga. Hapa umefanya kosa ambalo karibu kila mfugaji analifanya kwa nia njema, na sijui kwa nini madukani hawalisemi. Amproliamu inamuua mdudu wa kuhara damu kwa njia ya pekee: umbo lake linafanana na vitamini B1, mdudu anaidaka akidhani ni B1, anakosa B1 ya kweli na anakufa. Wewe unapoweka vitamini yenye B1 nyingi kwenye maji yale yale, unampa mdudu kile hasa ambacho dawa ilikuwa inamnyima. Dawa inapoteza nguvu, kifaranga anaendelea kuhara, na wewe unaamini dawa ilikuwa feki. Anza upya: amproliamu peke yake, kipimo cha lebo, siku zote zilizoandikwa bila kuruka. B1 iliyomo kwenye chakula chao cha kawaida haina shida, usiipunguze. Ukimaliza dozi ndipo uwape vitamini siku tatu hadi tano. A itasaidia utumbo kujenga ngozi yake ya ndani, na K itasaidia damu kuganda. Na maranda yaliyolowa chini ya vinyweshea uyatoe yote, uweke makavu, kwa sababu mayai ya mdudu yanakomaa kwenye unyevu na joto. Ukiyaacha, utarudi kununua dawa baada ya wiki tatu. Akifa kifaranga wakati wa dozi, usimtupe. Mpeleke akiwa wa baridi, si aliyeoza, kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Iringa, wampasue, ili tujue ni kuhara damu kweli na si kitu kingine.

Sasa niseme kuhusu kuchanganya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vitamini za wafugaji wetu wengi zinapopotelea.

Kilo 2.5 kwenye tani moja ni gramu mbili na nusu kwenye kila kilo ya chakula, kama nusu kijiko cha chai. Nikifundisha wafugaji huwa nafanya hivi: namwaga sakafuni gunia la pumba nyeupe, natupia kopo dogo la ulezi juu yake, nawaambia wageuze kwa koleo mara tatu kama wanavyofanya nyumbani. Kisha nachota vikombe vitano kutoka pembe tano na tunahesabu punje za ulezi kwenye sinia. Kikombe kimoja kinakuwa na punje nyingi hadi wanacheka, kingine kina punje mbili. Mara moja tulipata kikombe kisicho na hata moja. Pale wanaelewa kwa nini kuku wa upande mmoja wa banda wanaonekana wamelishwa na wengine wamesahauliwa. Na ukiwa umeweka kipimo maradufu, kuna kuku anayepata mara nne.

Fanya hivi. Premiksi iweke kwenye beseni na kilo tano za pumba laini, changanya kwa mikono hadi rangi iwe moja. Mimina kwenye kilo 25 za pumba, geuza. Hizo zipeleke kwenye kilo 100 za mahindi ya kuparaza, geuza tena. Ndipo uzitandaze juu ya lundo lote na kugeuza kwa koleo, ukihamisha lundo zima kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, angalau mara nne. Dagaa na mashudu yawe yameshasagwa. Ni kazi ya mgongo, najua, lakini hakuna njia ya mkato isipokuwa mashine ya kuchanganyia.

Kingine, usichanganye tani. Kuku 300 wanakula kilo 36 kwa siku, tani inakuchukua siku 28. Tangu premiksi ikutane na unyevu wa pumba, hewa, na madini ya shaba na chuma, vitamini A inaanza kufa polepole, na ya mwisho wa mwezi si ile ya mwanzo. Changanya nusu tani kila baada ya wiki mbili, kwa kilo 1.25 za premiksi. Pakiti iliyobaki ikunje mdomo, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko, chumba chenye giza na ubaridi. Kwa ubaridi, Mafinga mna bahati. Lakini nimeona wafugaji wa huko huko wakiweka premiksi kwenye banda la vifaranga, juu ya rafu iliyo karibu na jiko la mkaa, na joto lile linaimaliza. Ukiifungua ukakuta imeganda mabonge, usiitumie.

Usinunue premiksi ya kupimiwa kwenye kifuko cheupe cha plastiki kisicho na lebo. Najua ni rahisi kwa bei. Hujui tarehe yake, hujui ni ya kuku wa nyama au wa mayai, hujui kama imelala wiki tatu dirishani ikipigwa jua. Nunua pakiti ndogo iliyofungwa na kiwanda, yenye tarehe ya mwisho, kiasi cha vitamini kwa kilo, na kipimo kwa tani. Tuna Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inayosimamia ubora wa vyakula hivi, na una haki ya kumwambia bwana mifugo wa wilaya yako kwamba duka fulani linauza vitu visivyo na lebo.

Pia chunguza mahindi na mashudu yako. Punje zenye ukungu zina sumukuvu, na sumukuvu inaumiza ini, ambako vitamini A inatunzwa na D inaandaliwa. Kuku mwenye sumukuvu anaonekana hasa kama mwenye upungufu wa vitamini, na ukimwongezea vitamini hapati nafuu. Mashudu ukiyafungua yakanuka kama mafuta ya zamani, vitamini E nayo imeshakwenda. Dagaa nao watie kwenye maji glasi moja uone mchanga unaotuama chini. Kama ni mwingi, ulinunua protini ukapewa mchanga.

Trei zilizopungua hazitokani na ganda peke yake. Ulisema kushuka kulianza baada ya mwezi wa tano. Kuku anataga kwa kufuata mwanga, na mwezi wa sita huku kwetu mchana unafupika hadi saa 11 na dakika 30 hivi, wakati yeye anataka saa 16 za mwanga. Washa taa saa kumi alfajiri hadi kupambazuke, na jioni hadi saa mbili usiku. Ukishaanza usiwe unaruka siku. Mapazia ya salfeti nayo yafungue mchana, upande usio na upepo. Nategemea taa na chokaa vitakurudishia sehemu kubwa ya zile trei mbili, si zote kwa wiki moja, maana mifupa iliyobomolewa inachukua muda kujengwa.

Kwa mama, mpe salamu zangu. Tukuyu mvua haikauki na majani ni mabichi karibu mwaka mzima, kwa hiyo ng'ombe wake wanapata A na E kwenye majani ya tembo, na D kwenye jua wakitolewa nje. Vitamini za kundi B pamoja na K wanajitengenezea wenyewe, kwa kazi ya vijidudu walio kwenye tumbo kubwa, ilimradi wapate madini ya kobalti kwa ajili ya B12. Kwa hiyo pesa ya vitamini anunue jiwe la chumvi la madini, wawe wanalamba wakati wote. Ningesema tofauti kama angekuwa Ismani, ambako kiangazi ng'ombe wanakula mabua makavu miezi mitatu au minne. Huko vitamini A inaisha kwenye ini na ndama wanazaliwa dhaifu, macho yao mabovu. Kwa ndama wa mama, maziwa ya kwanza ndani ya saa chache tangu kuzaliwa, hata kama ni usiku wa manane. Yana vitamini A ambayo ndama hakuja nayo tumboni. Na kama akitokea mtu wa kumchoma ng'ombe sindano ya vitamini kila anapokataa kula, amwombe kwanza ampime joto na atazame kama ni kupe.

Kwako, usibadilishe kila kitu siku moja. Wiki hii rekebisha chokaa, rudisha premiksi kwenye kipimo, toa vitamini kwenye maji, washa taa. Majani yaanze wiki ijayo. Andika kila jioni mayai mangapi umeokota na mangapi yamepasuka, kwenye daftari moja, habari za wakubwa na za vifaranga zikiwa kurasa tofauti. Baada ya wiki tatu nitumie namba hizo pamoja na picha ya lebo ya premiksi na ya kile kipakti, pande zote mbili.